Mti wa miiba katikati ya shamba huku Ayalandi, bibi hataki hata uguswe. Nani anazijua hizi mila?

BabaTunu

Habari zenu wakuu. Naomba wanaoijua Ayalandi ya vijijini wanisaidie, sio Dublin, nasema kijijini hasa.

Niko kaunti ya Clare mwaka wa tatu sasa na familia, tumepanga kanyumba nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja wa ng'ombe anayeishi na mama yake, bibi wa miaka 86, mtu mwema sana kwetu. Sasa mwezi wa kwanza nilikuwa namsaidia yule mkulima kupunguza uzio wa miti, maana huku kuanzia tarehe 1 mwezi wa tatu sheria inakataza kukata uzio mpaka mwisho wa mwezi wa nane ili ndege watotoe kwa amani, kwa hiyo kazi yote inabanwa kipindi cha baridi. Katikati ya malisho kuna mti mmoja wa miiba umesimama peke yake, mfupi, umepindishwa na upepo wa baharini, na trekta miaka yote linauzunguka. Nikamwambia niachie hiyo chenso dakika kumi tu naumaliza. Akazima mashine akaniangalia, akasema "mimi sio mtu wa mambo hayo, ila huo mti haukatwi", akawasha tena akaendelea na kazi.

Nikadhani yameisha. Usiku nasikia hodi, ni bibi, na mvua ile, ameshika tochi, ndala za ndani zimelowa chapachapa, anauliza kama niliugusa ule mti hata kwa mkono. Nikamwambia hapana bibi, sikuusogelea. Akashusha pumzi, akafanya ishara ya msalaba, akasema maneno mawili matatu ya Kiayalandi, akarudi kwake. Tangu siku hiyo nimekosa amani, siuogopi mti, ila naumia kwamba nilimtoa mtu mzima kama yule nje usiku.

Halafu jioni ya tarehe 31 Januari nikamwona anatundika kitambaa cheupe kwenye uzio, asubuhi akakitoa kimelowa umande, akakikunja polepole kama anakunja nguo ya kichanga. Na huyu bibi hakosi misa, sasa hii nayo ni dini?

Kilichonifanya niandike ni hiki, binti yangu Tunu ana miaka 11 na ticha wao kawapa kazi ya kumhoji mzee wa jirani kuhusu mambo ya kale ya eneo lao. Bibi ndiye jirani yetu. Naogopa tusije tukauliza kitu tukamkwaza tena. Ule mti una nini? Kitambaa ni cha nini? Na mtoto aulizeje?

Mtembezi77

Mkuu shukuru Mungu mwenye shamba alikuwepo. Huo mti kwa Kiayalandi unaitwa sceach, ndio ule unaochanua maua meupe mwezi wa tano. Ukiwa kwenye uzio na wenzake unakatwa bila neno, bila shaka mliikata mingi siku hiyo hiyo. Ukisimama peke yake shambani, na hakuna anayekumbuka nani aliupanda, hiyo ni habari nyingine, huo una wenyewe. Na wenyewe wazee hawapendi kuwataja ovyo, wanasema daoine maithe, yaani watu wema, kwa adabu, wasije wakaudhika. Futa kichwani vile vijitu vyenye mabawa vya kwenye katuni. Katika masimulizi ya wazee hawa wana kimo cha watu, wana ng'ombe wao, wanaoana, wanapigana vita, wanacheza ule mchezo wa fimbo na mpira wa Ayalandi, na kuna hadithi nyingi za kijana aliyechukuliwa usiku akawachezee kwa sababu mechi yao haiwezi kwenda bila binadamu mmoja aliye hai.

Na hapo hapo Clare kwenu kuna kisa kikubwa. Mwaka 1999 ilikuwa inajengwa barabara kuu ya kuukwepa mji wa Newmarket-on-Fergus, na mahali panaitwa Latoon kulikuwa na mti wa aina hiyo hiyo kwenye njia ya barabara. Msimuliaji wa hadithi wa hapo hapo Clare, Eddie Lenihan, akasimama kuutetea, akaandika gazetini, akasema mti ule ndio kituo cha watu wema wa mkoa wa Munster wanapokwenda kupigana na wenzao wa mkoa wa Connacht, na kwamba ukikatwa watakaoumia ni wenye magari watakaopita pale. Habari ikasambaa mpaka nje ya nchi. Wahandisi wakarekebisha ramani, mti ukabaki na uzio wake. Mwaka 2002 mtu akaenda kuufyeka matawi yote kwa chenso, kikabaki kigogo, na ukachipua upya. Mpaka leo uko pembeni ya barabara.

Swali, jirani na huo mti wenu kuna tuta la udongo la duara? Angalia vizuri jua likiwa chini, kivuli kinalionyesha. Maboma ya hivyo yako kama 45,000 nchi nzima, mengi yalijengwa kati ya mwaka 500 na 1000, yalikuwa makazi ya wakulima tu, tuta na mtaro kwa nje, nyumba ndani, na ng'ombe wanaingizwa usiku wasiibiwe. Wenyewe wakatoweka, vizazi vikasahau ni nani waliishi mle, watu wakasema basi ni ya watu wema, na mkulima akaogopa kupitisha jembe. Siku hizi yanalindwa na sheria ya mambo ya kale, lakini kabla ya sheria kulikuwa na mabibi kama huyo wako na tochi zao, na mimi nasema kazi yao ilikuwa kubwa kuliko ya sheria.

Fundi_Mnyoofu

Samahani wakuu, nakuja na upande mwingine maana naona tunaelekea kusifia tu.

Mwaka 1895 Ballyvadlea, kaunti ya Tipperary, mwanamke anaitwa Bridget Cleary, miaka 26, fundi wa kushona mwenye cherehani yake mwenyewe, aliugua mwezi wa tatu. Mumewe akashikilia kwamba yule kitandani sio mke wake, mke wake amechukuliwa na watu wa bomani na wameacha mfano wake. Ndugu na majirani wakamshika, akanyweshwa dawa za majani kwa nguvu, akaulizwa tena na tena kama yeye kweli ni Bridget, mwisho mume akamchoma moto ndani ya nyumba yao wenyewe. Halafu akaenda kukesha kwenye boma la Kylenagranagh akingoja mkewe halisi atokee amepanda farasi mweupe. Mwili wa mkewe ulikutwa umefukiwa juu juu. Mahakama ikasema ni kuua bila kukusudia, akapewa miaka 20 akakaa 15.

Nasema hivi sio kumchafua bibi wa watu. Ila mtoto akifundishwa kuhusu watu wema afundishwe habari za huyu dada pia.

Shangazi_Rehema

Fundi ni kweli na hilo halifichiki, hata wazee wenyewe huku wakilitaja wanashusha sauti. Ongeza na hili tu, wakati ule magazeti ya Uingereza yaliichukua kesi ile yakasema mnaona, Waayalandi wote ndivyo walivyo, hawawezi kujitawala. Ilhali waliomtafuta mpaka wakampata, walioshitaki na waliotoa ushahidi walikuwa watu wa nchi hiyo hiyo.

Sasa BabaTunu mdogo wangu, mimi nimehudumia wazee Galway miaka mingi, nimewaogesha, nimewalisha, na wengine nimewafumba macho, kwa hiyo ninayosema nimeyasikia vitandani.

Kitambaa kile ni brat Bríde, kitambaa cha Mtakatifu Brigid. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari anapita kwenye nyumba akibariki watu na mifugo, kitambaa kikilala nje anakigusa. Kikishatolewa kinatunzwa mwaka mzima, kichwa kikiuma unafungwa, ng'ombe akishindwa kuzaa anawekewa mgongoni. Nilikuwa na mama mmoja alikilalia chini ya mto mpaka siku aliyokufa, kilikuwa kimeisha kabisa, kimebaki nyuzi, na sisi tulikiweka naye kwenye jeneza. Siku hiyo pia wanasuka misalaba kwa yale majani marefu ya kwenye majimaji, hawayakati kwa kisu, wanayang'oa kwa mkono, na msalaba unawekwa juu ya mlango au kwenye paa kukinga nyumba na moto. Zamani za paa la nyasi ule wa mwaka uliopita hawakuutupa, wa mwaka huu unachomekwa pembeni yake, kwa hiyo ungeweza kuhesabu umri wa nyumba kwa misalaba iliyoshika masizi. Tangu 2023 serikali imeifanya sikukuu ya Brigid kuwa mapumziko ya taifa.

Umeuliza kama ni dini. Ni misa na ni mti, vyote viwili, na kwa bibi yako havijawahi kugombana. Ukimlazimisha achague utamuumiza bure.

Namna ya kuuliza sasa, hapa shika sana. Mtoto asiseme "bibi unaamini hivi vitu?" Swali hilo linawafunga mdomo, wameshachekwa sana na watu wa mjini na watoto wao wenyewe. Aulize "nyumbani kwenu mlikuwa mnafanyaje?" Mlikuwa mnafanyaje mkisuka maziwa kupata siagi. Usiku wa mwisho wa Oktoba mlikuwa mnafanyaje. Maji ya kunawia miguu mlimwaga saa ngapi, na hapo utaona anacheka maana maji ya miguu hayakutakiwa kulala ndani, na ukiyamwaga nje usiku unatoa onyo kwanza usije ukamlowesha mpita njia usiyemwona. Mtu akifa nyumbani mlifanyaje. Hilo la mwisho aulize akiwa ameshazoeleka. Atamwambia saa ilisimamishwa, kioo kikafunikwa, dirisha likafunguliwa roho itoke, majirani wakakesha na mwili, tumbaku ipo, chai ipo, hadithi zipo. Mpaka leo vijijini mwili unalala nyumbani, jeneza wazi, kijiji kizima kinapita kupeana mkono. Mara ya kwanza kwenda nilipanga foleni nje kwenye baridi karibu saa nzima, na hakuna aliyelalamika.

Na kitana. Tunu akiokota kitana njiani asikipeleke kwa bibi. Yule mwanamke anayelia usiku mtu wa ukoo akikaribia kufa, bean sí, anachana nywele zake ndefu, na kitana kilichoanguka ni chake. Nimeona nesi kijana akiokota kimoja uani na mzee akatetemeka mpaka tukakitoa.

Kalamu_ya_Risasi

Shangazi umemaliza, niongeze moja ambalo naona kila mtu amelipita na ndio linamhusu mtoto.

Hiyo homuweki ya Tunu ina historia. Mwaka 1935 iliundwa Tume ya kukusanya simulizi za jadi za Ayalandi, mkuu wake Séamus Ó Duilearga, wakusanyaji wakizunguka vijijini na mashine za kurekodi kwenye silinda za nta. Huyu Ó Duilearga tangu 1923 alikuwa ameshakutana na mzee mmoja wa Cill Rialaig huko Kerry, Seán Ó Conaill, mkulima na mvuvi ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Wasikilizaji wa mzee walikuwa wameshapungua, kwa hiyo alikuwa anazirudia hadithi zake kwa sauti peke yake akidhani hakuna anayemsikia, asije akazisahau. Kila nikifikiria mzee anaisimulia njia tupu nakosa la kusema.

Sasa Tume ikaona haitawafikia wazee wote. Kati ya 1937 na 1939 wakaenda kwa walimu wa shule za msingi, wakawapa kitabu chenye mada 55, visima vitakatifu, tiba za kienyeji, kusuka maziwa, hazina zilizofukiwa, mhunzi wa kijiji, siku zenye mwiko, na watoto wa miaka 11 mpaka 14 wakaambiwa nendeni nyumbani mkaulize babu na bibi muandike. Shule kama 5,000, watoto zaidi ya 50,000, kurasa kama 740,000 ukichanganya madaftari yenyewe na vitabu vilivyokusanywa. Wengi waliandika na jina la aliyewasimulia na umri wake. Nyaraka zote za Tume zipo chuo kikuu cha University College Dublin, UCD, na mwaka 2017 UNESCO ikaziingiza kwenye kumbukumbu za dunia.

Na huhitaji kwenda Dublin. Fungua duchas.ie, chagua kaunti, chagua shule, unaona mwandiko wenyewe wa mtoto, wino na madoa na kila kitu. Bibi ana 86 maana yake alikuwa bado hajazaliwa au kichanga, lakini kama alikuwa na kaka au dada wakubwa, hebu tafuteni shule ya pale pale.

BabaTunu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, wiki mbili hizi nilitaka nije na jibu kamili.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa, mke wangu alioka mkate, Tunu na daftari lake. Nilifuata ya shangazi neno kwa neno. Tunu akauliza mlikuwa mnasukaje maziwa, bibi akanyanyuka kwenye kiti akaonyesha kwa mikono yote miwili, juu chini juu chini, akasema mtu yeyote akiingia mlangoni wakati wa kusuka, awe padri awe mwombaji, lazima ashike mchi asukesuke kidogo na aseme Mungu abariki kazi, asiposhika ataondoka na siagi ya nyumba. Na asitoke mtu na moto, hata wa kuwashia kiko. Nikauliza kwa nini siagi iliogopewa wizi hivyo, akanijibu kirahisi tu, siagi ndio ilikuwa inalipa kodi ya shamba. Nikaelewa.

Sasa Kalamu sikia. Bibi ni kitinda mimba katika watoto kumi. Tukafungua ile tovuti kwenye tableti ya Tunu, tukaandika jina la shule, ile ile anayosoma Tunu, jengo la zamani ndio sasa ghala la nyasi za ng'ombe. Tukapita majina, ukurasa baada ya ukurasa, Tunu anasoma kwa sauti. Akafika jina moja bibi akasema ngoja. Kaka yake mkubwa. 1938, alikuwa na miaka 12. Huyo kaka alikwenda kufanya kazi za ujenzi Uingereza bibi akiwa mdogo sana, alikufa huko huko, nyumbani walibakiwa na picha moja tu. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi kwamba kaka yake aliandika kitu na kipo.

Kaandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu kusuka maziwa. Mwandiko umelala upande, mistari imenyooka. Aliyemsimulia ni baba yao. Anaeleza pipa lilivyokuwa, kwamba kaa la moto linawekwa chini yake, kwamba mgeni lazima ashike mchi. Tunu alisoma yote, bibi akawa anatingisha kichwa kila sentensi, mwisho akasema "amesahau chumvi". Kwamba mama yao alikuwa anatia chumvi kidogo juu ya kifuniko kabla ya kuanza, na huyu kijana hakuandika kwa sababu alikuwa hakai jikoni. Akamwambia Tunu aandike chumvi kwenye daftari lake. Halafu akakaa kimya muda mrefu, kidole kiko kwenye kioo juu ya lile jina, ukurasa ukawa unakuzwa na kupungua kila kidole kikicheza, na sisi hatukusema kitu.

Kuhusu mti hatukuuliza, alianza mwenyewe tulipokuwa tunavaa makoti. Ng'ombe akizaa, maziwa yale ya kwanza mazito, baba yake alikuwa anamwaga kidogo chini ya mti kabla ya mtu yeyote hajaonja. Yale maneno ya usiku ule Tunu alimuuliza ni nini, ni buíochas le Dia, shukrani kwa Mungu. Nilimwomba msamaha kwa kumtoa nje na mvua, akanipiga begani. Na boma lipo Mtembezi, nimeliona saa kumi jioni jua likiwa chini, duara kamili, nimelikanyaga miaka mitatu bila kujua, mti uko hatua kama ishirini kutoka kwenye tuta.

Fundi, nilimweleza Tunu habari za Bridget Cleary nikiwa peke yangu naye, sio mbele ya bibi. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza kwa nini hakuna jirani aliyekwenda kumwita polisi usiku ule. Sikuwa na jibu.

Sasa Kalamu naomba msaada, bibi anataka ule ukurasa wa kaka yake auweke kwenye fremu jikoni, chini ya msalaba wa Brigid. Natoaje nakala nzuri?

Kalamu_ya_Risasi

Kaka nimesoma hii nikiwa kwenye basi nikashindwa kuendelea nikaweka simu chini kwanza.

Fungua ule ukurasa, picha yake utaishusha kwenye kompyuta, kisha peleka kwa wachapaji wa picha, usitumie printa ya nyumbani wino utapauka jikoni kwa mvuke. Chini ya picha utaona kama maneno yameshachapwa au bado. Kama bado, tovuti inapokea watu wa kujitolea, wanasoma mwandiko wanauchapa ili uweze kutafutwa. Tunu anaweza kuuchapa yeye, bibi akiwa pembeni yake kumsaidia pale herufi zisiposomeka.

BabaTunu

Bado haujachapwa. Nimemwambia Tunu, ameshavuka kwenda kwa bibi na tableti, hata chakula hajamaliza.